Jinsi ya kuhifadhi vyuma vya injini iliyofunguliwa visiliwe na kutu

KATIKA mashamba ya ngano na mahindi ya Njoro, Rongai, Molo na Mau Narok, ni nadra injini ya trekta kuharibika wakati mwenyewe ana fedha mfukoni. Huharibika Februari au Machi, plau ikiwa ardhini, ilhali pato la kuitengenezea halitapatikana hadi mavuno ya mwisho wa mwaka. Fundi huifungua ili aujue ugonjwa wake, bei ya vipuri hutajwa, na mwenye trekta huomba muda.

Muda huo wa kusubiri ndio unaozungumziwa katika makala haya. Miezi mitatu hugeuka kuwa mwaka, kwa kuwa karo ya shule hutangulia, au malipo ya mahindi huchelewa kama yalivyochelewa kwa wakulima wengi wa Bonde la Ufa baada ya mavuno ya 2017. Siku fedha zinapopatikana na turubai kufunuliwa, krankishafti hukutwa na madoadoa mekundu, silinda zina vishimo na ringi zimegandamana na pistoni. Kazi iliyohitaji ringi, beringi na gasketi sasa inahitaji karibu injini nzima.

Wengi hudhani kwamba kutu hiyo imeletwa na urefu wa muda. Ukweli ni kwamba, mara nyingi, uharibifu huanza wiki ile ile injini ilipofunguliwa. Namna vyuma vilivyooshwa, kukaushwa na kupakwa mafuta siku ya kwanza ndiyo huamua vitakavyokuwa baada ya miaka miwili, na ghala zuri haliwezi kukiokoa chuma kilichoingizwa humo kikiwa na jasho la mikono na matone ya maji.

Hasara yenyewe hupimwa kwa milimita. Sehemu za mviringo za krankishafti zinazozunguka ndani ya beringi, ambazo hapa tutaziita shingo, huchongwa zinapochakaa, kisha huwekewa beringi nene zaidi. Mchongo wa kwanza hupunguza robo milimita, wa pili nusu milimita, na wa tatu robo tatu ya milimita. Kwa injini nyingi za matrekta, ikiwemo ile ya Perkins ya silinda tatu iliyomo katika Massey Ferguson 135 na 240 zilizoenea sana eneo hili, huo wa tatu ndio mwisho wa kawaida. Kishimo cha kutu ambacho hakiwezi kuondolewa kwa kung'arisha hulazimisha mchongo mmoja kabla ya wakati wake. Aidha, krankishafti iliyokuwa tayari imefika kipimo cha mwisho haina tena pa kwenda ila kwa muuza vyuma vikuukuu.

Kwa nini Nakuru

Chuma hupata kutu kinapokutana na hewa na maji kwa pamoja. Si lazima maji hayo yaonekane kwa macho. Unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 60, utando mwembamba wa maji hujilaza juu ya chuma kitupu na kutu huanza kwa kasi. Palipo na chumvi, kazi hiyo huanza hata hewa ikiwa kavu zaidi ya hapo, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kuushikilia.

Jiji la Nakuru liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nao mji wa Molo uko karibu mita 2,500. Katika miinuko hiyo mchana huwa na joto na usiku huwa na baridi kali. Bloku ya injini, ikiwa ni chuma kizito, hupoa usiku kucha na hubaki baridi hata saa nne asubuhi. Mlango wa stoo unapofunguliwa saa hiyo, hewa yenye joto na unyevu huingia, hugusa chuma baridi na kuacha umande. Chuma hutoka jasho mfano wa chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Jambo hili likirudiwa kila siku kwa msimu mzima wa mvua, chuma huwa kimeoshwa kwa maji mara mia moja bila mtu kujua.

Lipo pia suala la vumbi. Husemwa kwamba jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Ziwa Nakuru lilipokauka karibu lote katikati ya miaka ya 1990, upepo ulipeperusha unga mweupe wa magadi hadi mjini. Tangu takriban 2010 maji ya ziwa hilo yamepanda na kufunika sehemu kubwa ya ufuo, lakini mashamba yaliyo karibu na maziwa ya magadi, Elmentaita likiwemo, bado hupata vumbi hilo wakati wa kiangazi. Magadi yenyewe si adui mkubwa wa chuma cha kawaida. Kinachokidhuru chuma ni chumvi iliyochanganyika nayo. Hata hivyo, magadi yaliyolowa hula alumini, na pistoni nyingi ni za alumini. Kwa sababu hiyo hiyo, pistoni hazitumbukizwi kamwe katika pipa la magadi makali ambamo karakana huchemshia bloku za chuma.

Wakazi wa karibu na visima vya mvuke vya Olkaria na Menengai wanaijua harufu ya mayai viza. Gesi hiyo hugeuza shaba kuwa nyeusi, hivyo bushi za konrodi na vyuma vyote vyenye shaba vinahitaji kufunikwa vizuri zaidi katika maeneo hayo.

Kabla ya kushika spana

Ushauri wa kwanza huenda usiwafurahishe mafundi: injini isifunguliwe kabla fedha hazijawa karibu. Injini iliyofungwa ni ghala bora kuliko sanduku lolote. Inaweza kumwagwa oili chafu, kujazwa oili mpya, kuzungushwa kwa mkono ili oili ienee, kisha kuzibwa matundu ya hewa na ya moshi. Kupima mgandamizo wa silinda na shinikizo la oili hueleza mengi kuhusu ugonjwa bila kuondoa hata boliti moja ya bloku.

Ikiwa imekwisha kufunguliwa, krankishafti isipelekwe kuchongwa wala silinda kukwaruzwa upya mpaka tarehe ya kuunganisha ijulikane. Chuma kilichotoka kwenye mashine ni kitupu kabisa na hushika kutu upesi kuliko kingine chochote. Wapo wanaolipia kuchonga mapema kwa kuhofia bei kupanda, kisha wanalipia tena kazi ile ile.

Siku ya kwanza

Kila kipande kiwekwe alama kabla ya kuoshwa. Vifuniko vya beringi kuu na vya konrodi vilichongwa pamoja na wenzi wake, na kimoja hakiwezi kukaa mahali pa kingine. Valvu, vijiti vya kuzisukuma na vikombe vyake vilivyochakaa pamoja vinapaswa kurejea kila kimoja mahali pake. Kipande cha ubao kilichotobolewa matundu na kuandikwa nambari kinatosha kwa muda wa kazi. Alama za kudumu ni vibati vilivyogongwa nambari na kufungwa kwa waya, kwa kuwa karatasi huliwa na oili. Picha za simu husaidia, lakini simu huibwa, kwa hiyo orodha iandikwe pia katika daftari. Orodha hiyo ina faida nyingine: mwenye injini akifariki au akihama, warithi watajua kwamba rundo lililo pembeni ni trekta.

Kuosha kufanywe kwa mafuta taa au dizeli. Petroli haifai. Mbali na hatari ya moto, hukauka kwa kasi na kukipoza chuma, na chuma kilichopoa huvuta umande. Bloku na hedi zinaweza kuoshwa kwa maji moto na sabuni ili masizi na chumvi vitoke, mradi zikaushwe mara moja kwa upepo wa kompresa na kupakwa mafuta zikiwa bado na joto. Tangi la kompresa limwagwe maji kwanza, kwa sababu kompresa ambayo haijamwagwa hunyunyiza maji kwenye chuma ambacho fundi anadhani anakikausha. Njia za maji ndani ya bloku na njia za oili ndani ya krankishafti zipulizwe mpaka zikauke. Hizo ndizo husahauliwa.

Baada ya hapo mikono mitupu isiguse tena sehemu zilizong'arishwa. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole iliyoachwa kwenye shingo ya krankishafti inaweza kuonekana kama kutu baada ya siku chache, mistari ya kidole ikiwa imechorwa kamili. Glavu za mpira ni bei ndogo. Zisipopatikana, kila sehemu iliyoguswa ipanguswe kwa kitambaa safi chenye mafuta taa kabla ya kupakwa.

Kupaka

Kosa lililozoeleka zaidi katika gereji za jua kali ni kupaka vyuma oili chafu iliyotoka katika injini hiyo hiyo. Oili hiyo ni nyeusi na nzito, na kwa macho inaonekana kama kinga. Ndani yake mna tindikali, masizi na maji yaliyotokana na kuungua kwa dizeli, yaani vitu vile vile vilivyofanya ibadilishwe. Kukipaka chuma oili hiyo ni kukifungia pamoja na adui yake.

Oili mpya ya injini hufaa kwa muda wa wiki kadhaa hadi miezi michache. Baadaye huteremka polepole kutoka sehemu za juu na kuziacha tupu. Kwa muda wa mwaka au zaidi panahitajika kitu kisichoteremka. Bora zaidi ni mafuta yaliyotengenezwa makusudi kuhifadhi chuma, ambayo huacha utando kama nta. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilipaka silaha na mitambo mafuta mazito ya aina hiyo, nazo injini nyingi za ndege zilisafirishwa zikiwa zimefungwa pamoja na kemikali ya kunyonya unyevu.

Mkulima asiyepata mafuta hayo hahitaji kukata tamaa. Grisi safi hulinda vizuri, na hata mafuta mazito ya kujipaka yatokanayo na petroli, yale yasiyotiwa manukato, hufanya kazi hiyo. Sharti ni moja: chuma kipakwe kwanza oili nyepesi mpya inayoingia katika kila mkwaruzo, kisha grisi ije juu yake. Grisi iliyopakwa juu ya chuma chenye maji huyazuia maji yasitoke, na kutu huendelea chini yake bila kuonekana.

Kufunga

Hapa pana njia mbili zinazokubalika, na ya tatu ambayo wengi huifuata. Ya kwanza ni kufunga kabisa: chuma kilichopakwa huzungushiwa karatasi ya nta au ile karatasi ya kahawia iliyotiwa kemikali ya kuzuia kutu ambayo huja na vipuri vipya, kisha hutiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Ya pili ni kuacha hewa ipite kwa uhuru, chuma kikiwa kimepakwa grisi nzito na kufunikwa kitambaa.

Ya tatu ni kufunika kwa nailoni nusunusu. Nailoni iliyofungwa mchana hufungia ndani hewa yenye unyevu. Usiku ukiingia unyevu huo hugeuka matone, na kwa kuwa umefungiwa hauna pa kutokea. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza Agosti 28, 2017, mifuko ya kubebea imeadimika na wengi wamegeukia magunia. Gunia la katani hunyonya unyevu, lakini gunia lililokuwa na mbolea ni baya zaidi. Mabaki ya mbolea ya CAN au DAP ni chumvi inayovuta maji kutoka hewani, na chuma kilichofungwa humo hakitafika masika ya pili. Gazeti nalo, hata hili letu, si karatasi ya kufungia krankishafti: hunyonya oili yote kisha hunyonya unyevu.

Vifuko vya silika, vile vinavyokutwa ndani ya masanduku ya viatu vipya, hushiba baada ya muda. Huweza kukaushwa upya kwa kutolewa punje zake na kuziweka katika oveni yenye joto la nyuzi 120 hivi kwa saa chache. Mchele, ambao baadhi ya watu huutumia, hunyonya kidogo mno na huwaita panya.

Stoo

Stoo ya mkulima huwa na kila kitu, na ndiyo taabu yake. Mbolea, chumvi ya ng'ombe, dawa ya klorini ya kuoshea vyombo vya maziwa na betri inayochajiwa vyote hutoa chumvi au mvuke unaokula chuma. Vyuma vya injini visikae chumba kimoja na vitu hivyo, hata kama viko upande wa pili. Visilazwe juu ya sakafu ya saruji, inayopitisha unyevu kutoka ardhini, bali juu ya rafu au mbao zilizokauka. Mbao mbichi zina tindikali yake.

Mlango ufunguliwe alasiri badala ya asubuhi, stoo ikiwa imekwisha kupata joto. Penye umeme, balbu ya zamani ya kutoa joto iliyowashwa ndani ya kabati lililofungwa hupunguza unyevu vizuri, ilimradi isiguse karatasi wala vitambaa vyenye mafuta. Balbu za kisasa zinazookoa umeme hazina joto la kutosha kwa kazi hii.

Kila tundu lizibwe. Nyigu wa matope hujenga ndani ya njia za oili, na panya hupenda kulala ndani ya silinda, ambako mkojo wake huacha chumvi.

Krankishafti isimamishwe wima juu ya ncha yake ya nyuma, ikiwa imefungwa ukutani isianguke. Ikilazimu kulazwa, iegemezwe katika shingo kuu kadhaa na si katika ncha mbili tu. Kamshafti ihifadhiwe vivyo hivyo. Ringi ni chuma cha kusubu na huvunjika upesi, kwa hiyo zilale bapa ndani ya mafuta. Beringi mpya zibaki katika karatasi zake zilimotoka.

Pampu ya dizeli inahitaji uangalifu wa pekee, kwani ndicho kifaa ambacho kutu kidogo hukiua kabisa. Vyuma vyake vya ndani vimeachana kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na doa lisiloonekana kwa macho hutosha kuvigandisha. Isifunguliwe shambani. Dizeli iliyomo imwagwe, kwa kuwa hushika maji ikikaa, na mahali pake pawekwe mafuta ya kupimia pampu yanayotumiwa katika karakana za dizeli, kisha matundu yote yazibwe kwa vizibo safi. Nozeli zihifadhiwe vivyo hivyo. Kwa bei za pampu za leo, fedha za uhifadhi zikiwa haba zitumike hapa kwanza.

Ukaguzi na kuunganisha upya

Vyuma vikaguliwe kila baada ya miezi mitatu, na kwa vyovyote vile kabla ya mvua za Machi na baada yake. Sehemu moja ifunuliwe, ipanguswe na kutazamwa kwenye mwanga. Palipokauka papakwe upya. Kutu ya juujuu, ambayo kucha haiwezi kuihisi, huondolewa kwa msasa laini sana uliolowa oili, ukizungushwa kufuata mviringo wa shingo na si kwa urefu wake. Kishimo ambacho kucha inakwama ndani yake ni kazi ya mashine.

Siki, ndimu na tindikali nyingine zinazosifiwa kwa kuondoa kutu hufaa kwa vipande kama mabano na vifuniko. Shingo za krankishafti na kuta za silinda zisitiwe humo kamwe, kwani tindikali hula chuma chenyewe baada ya kumaliza kutu. Springi za valvu nazo zaweza kuwa dhaifu na kukatika baadaye.

Siku ya kuunganisha ikifika, mafuta yote ya kuhifadhia yaondolewe. Grisi iliyobaki katika njia ya oili ya krankishafti huinyima beringi oili katika dakika za kwanza, nayo huungua kabla trekta haijatoka uani. Njia hizo zipitishwe brashi ndefu na mafuta taa, zipulizwe, kisha kila shingo ipakwe oili mpya. Kabla ya kuwasha, injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha izungushwe kwa stata dizeli ikiwa imezimwa mpaka geji ya oili ipande.